Tulivyopigwa na Upepo Kwenda Wazo

Nimeiandika safari hii kwa ajili yenu nyie mliobaki nyumbani Masasi, maana kila anayetoka mjini anawaletea nusu ya habari, na nusu ya pili anaitunga kwenye basi. Mmesikia kwamba Selemani alikwenda kwenye posa yake mwenyewe. Ni kweli. Mmesikia pia kwamba Selemani ana pepo la Kizungu. Hilo si kweli, na mkisoma mpaka mwisho mtajua lilitokea wapi.

Sababu ya kutoka ilikuwa Somoe. Tulijuana Magomeni kwenye semina ya walimu wa kisomo cha watu wazima. Yeye alikuja kujifunza kufundisha, mie nilitumwa na ofisi kugawa chaki. Alijifunza. Mie chaki nilirudi nazo nusu boksi, kwa kusahau kazi iliyonipeleka. Baba yake, Mzee Mfaume, anafanya kazi kiwanda cha saruji kule Wazo, mtu wa Kusini kama sie, na si mtu wa kuahirishiwa. Alituma neno kwamba wazee wangu waje Jumapili asubuhi, kabla ya adhuhuri. Ikipita hiyo hakuna nyingine, kwa sababu karani mmoja wa bandarini naye alishabisha hodi, na karani huyo ana nyumba ya bati.

Mnajua kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Kwa hiyo posa ilikuwa ya Mjomba Nandenga, ambaye ninakaa kwake hapa Kimara na ambaye anachonga vinyago uani tangu alfajiri mpaka mtu aje kumwomba anyamaze. Mnajua pia kwamba muoaji haendi. Muoaji anakaa nyumbani anakula kucha, wanakwenda wakubwa. Hivyo ndivyo tulivyopanga: jirani atoe gari lake, Mjomba na wazee wawili wapande, mie nibaki na kucha zangu.

Jumamosi jioni gari la jirani likafa giaboksi. Basi la Jumapili kutoka Kimara mpaka Wazo lilikuwa mabasi matatu, na kila moja linaondoka likijisikia. Na lazima warudi mapema, kwani siku zile Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yanatakiwa yawe yametoka barabarani ili nchi ibane petroli. Nikazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho nikasema kuna pikipiki ya rafiki yangu Deo.

Mjomba alikuwa anasugua kitana cha mpingo alichomchongea Somoe. Akauliza ataiendesha nani. Nikamwambia mie, Deo asubuhi anakwenda misa na hawezi kuikosa. Akasugua tena kitana, akakipuliza, akakitazama kwenye mwanga.

"Basi kesho wewe si Selemani," akasema. "Wewe dereva. Na dereva hana mdomo."

Nikakubali. Mzee Mfaume hajawahi kuniona, na nilikuwa na haraka kiasi kwamba angeniambia niwe mbuzi ningelia mee.

Kimara, asubuhi. Deo ni mwalimu, mtu wa Bukoba, mpole, anaipenda ile pikipiki kama mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa. Kila Jumamosi ananiachia niizungushe kwenye vumbi la mikorosho huku nyuma, kwa hiyo kuendesha nilikuwa najua. Alipoikabidhi akaanza kunieleza mambo ya upepo: kwamba huku vichochoroni ni mchezo, kule barabara kubwa malori yanakuja na upepo wao, na ukifika njia ya Bagamoyo kuna upepo wa baharini unaopiga ubavuni. Akasema ukipigwa usifanye hivi, ufanye vile. Sikumbuki hivi na vile ni vipi, maana nilimkatiza. Nilimwambia nimesoma fizikia mpaka Fomu Foo, upepo ni hewa inayotembea. Deo akasema, "Haya, mwanafizikia," akaenda zake kanisani na sala nadhani aliielekeza kwenye pikipiki.

Mjomba akatoka. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa, koti jeusi, kofia iliyodariziwa, na kikapu cha posa mkononi. Ndani ya kikapu mlikuwa na doti mbili za kanga, kile kitana, na sukari kilo mbili ambazo mke wa Mjomba alizisimamia foleni tangu Jumatano. Kikapu ndicho chenye maneno yote. Kikipokelewa kikabaki kule, kuna matumaini, majibu yatafuata siku nyingine. Kikisukumwa kurudi, mmejibiwa.

Mjomba hajawahi kupanda pikipiki. Alikaa kwanza upande upande kama bibi kwenye baiskeli, nikamwambia apanue miguu. Akaniuliza kama najua anakwenda kuzungumza nini leo, halafu namwambia apanue miguu mbele ya majirani. Mwisho alipanua.

Barabara ya Morogoro. Kutoka Kimara kushuka Ubungo ni mteremko mzuri na mie nilitaka kufika. Nikafungua mafuta. Hapo hapo upepo ukaingia kwenye kanzu ya Mjomba kwa chini, ukatafuta njia ya kutokea, ukaikosa. Nilihisi pikipiki inavutwa nyuma kama kuna mtu ameshika mkia. Watu wa kituoni Kimara wanashika mbavu. Nikageuza shingo kidogo: Mjomba alikuwa amevimba pande zote, mkubwa mara tatu, kichwa kidogo juu na kofia ameing'ata kwa meno isiruke.

Halafu likaja lori la kwanza, la Zambia, na trela lake. Liko upande wake, mie upande wangu, hakuna aliyemkosea mwenzake. Lakini lilipotufikia ni kama mlango wa bati umefunguliwa usoni. Kwanza tulisukumwa kushoto kwenye mchanga. Kabla sijajinyoosha, nyuma ya trela upepo ukageuka, ukatuvuta kulia kule kule lilikokuwa lori. Nikakaza mikono kwenye usukani kwa nguvu zote nilizonazo. Usukani nao ukakaza. Tukawa tunakwenda kama nyoka aliyekanyagwa. Mie nikishikwa na hofu nakumbuka shule, sijui kwa nini, kwa hiyo nikaanza kusema kwa sauti, velositi, prosha, rezistansi, kama mtu anayehesabu tasbihi.

Malori yalikuwa matano mpaka Ubungo. La tatu lilipopita Mjomba alikuwa ameacha kunishika kiuno, amenishika shingo.

Ubungo. Tukasimama kwa muuza viazi. Mjomba akashuka, kanzu ikapungua taratibu. Muuza viazi alituangalia, akamwangalia Mjomba zaidi, akasema mzee hapa dawa ni kamba, akatukatia kipande cha kamba ya katani aliyofungia magunia yake. Tukamfunga Mjomba kiunoni juu ya kanzu, pindo akalikalia. Alionekana kama mzigo unaokwenda mbali, lakini hakuvimba tena.

"Ulikuwa unasema nini njia nzima?" akaniuliza.

Nikamwambia ni fizikia.

"Kizungu?"

"Kizungu, Mjomba."

"Ina msaada?"

Nikamwambia bado.

Njia ya Chuo Kikuu. Hapa kulikuwa na miti na utulivu, na kwa kuwa hakuna kilichotupiga nikadhani nimeshaushinda upepo. Nikapiga mluzi. Mjomba akaanza kukariri hotuba yake sikioni kwangu. Ilikuwa hotuba ya mchongaji hasa: tumepita msituni, tumeona mpingo umenyooka, hatukuugusa, tumekuja kumuuliza mwenye msitu. Nzuri sana. Aliikariri mara nne na kila mara ilizidi kunoga.

Lugalo kwenda Mbezi. Tulipopita kambi ya jeshi tukatoka mahali peupe, kulia kwetu minazi na nyuma ya minazi bahari. Upepo wa malori angalau una adabu, unakuja na mwenyewe unamwona. Huu wa baharini unajificha. Penye minazi mingi kimya kabisa, unaendesha kama umekaa sebuleni. Minazi ikikatika, paf, ubavuni. Ukiegemea ili uupinge, unakoma ghafla na wewe umebaki umeegemea hewa.

Na hapo ndipo lilipoanza tatizo la Mjomba. Mie nikiinamia kulia kuupinga upepo, yeye anainama kushoto. Nikizidi kulia, naye anazidi kushoto. Nikamwuliza kwa kupiga kelele anafanya nini. Akajibu kwa kelele kwamba anasawazisha, kwani wewe huoni chombo kinataka kuanguka? Mjomba anachonga vinyago vya watu wanaobebana mabegani, watu kumi kwenye gogo moja, na havianguki, kwa hiyo kwa mambo ya kusawazisha hakuna wa kumwambia.

Ilinibidi nisimame. Nikamwomba radhi kabla, kisha nikamwambia kwenye pikipiki abiria hasawazishi. Abiria ananyamaza, anafuata mwili wa dereva. Awe kama gunia.

Alinitazama. "Mie ndiye niliyekutahirisha," akasema. "Leo mie gunia."

"Gunia la heshima, Mjomba."

Tukapanda. Na kweli tangu hapo alikuwa gunia, tena gunia lililonuna, na hakuna gunia zuri kama lililonuna. Likawa limenigandia mgongoni.

Mbezi kwenda Tegeta. Hapa nijisifu kidogo, ingawa sifa yenyewe niliiokota. Nilikuwa nimekaza mikono tangu Kimara mpaka mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikaulegeza kuufufua, na saa ile ile ukaja upepo. Nikajua tumekwisha. Lakini pikipiki ilitikisa kichwa kidogo, ikajinyoosha yenyewe, ikaendelea na safari bila kuniuliza. Nikalegeza na wa kulia. Ukaja mwingine, ikapepesuka, ikajinyoosha. Kumbe muda wote ule aliyekuwa anaiyumbisha ni mie. Upepo ulikuwa unaisukuma mara moja, mie kwa kukaza viwiko naigeuza mara tatu. Nikabana magoti kwenye tangi, nikainama ili upepo upite juu yangu, nikapunguza mwendo. Neno kupunguza si neno langu mnavyonijua, lakini nilipunguza.

Kisha nikaanza kuutazama upepo kabla haujafika. Ukiangalia mbele, utaona mabua ya mahindi yamelala, au migomba inapigana makofi, au kanga iliyoanikwa imenyooka kwenye kamba kama ubao. Hapo unajua pana mlango. Likija lori unasogea ukingoni mapema, unaacha mafuta kidogo, unalegea, unaliacha lipite na mambo yake. Nilimpigia Mjomba kelele kwamba sasa nimejua. Akajibu kwamba gunia halisemi.

Wazo. Kilima kile mtakiona kabla ya mengine yote, kimeliwa upande mmoja kama mkate, na chini yake kiwanda kinatoa moshi mweupe. Kila kitu ni cheupe. Mapaa meupe, majani ya mihogo meupe, mbwa mweusi ni wa kijivu. Upepo ulikuwa unalichota vumbi la saruji na kutupaka njia nzima ya mwisho. Nilipozima pikipiki mbele ya nyumba ya Mzee Mfaume nilikuwa nimepata mvi, nyusi mpaka kope, na macho mekundu yanatiririka machozi. Kwa kujificha nisijulikane sikuhitaji kingine.

Adhuhuri ilikuwa bado. Mzee Mfaume akatoka, mtu mfupi, mpana, mikono ya fundi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba dereva, akamkaribisha Mjomba ndani mkekani. Mie nikaonyeshwa barazani, karibu na mlango. Nilikuwa nasikia kila kitu na ninaona nusu.

Somoe ndiye aliyeleta maji. Nilimwona anakuja ananitazama kama anavyotazamwa dereva yeyote. Alipofika karibu, bakuli likacheza mikononi. Akajizuia, akaangalia ndani, akaangalia pikipiki, akaniwekea bakuli miguuni.

"Dereva, nawa uso," akasema. "Umekuja na barabara yote."

Akaondoka haraka, mabega yanamtetemeka. Nilinawa nusu tu, kwa usalama.

Ndani alikuwepo Mzee Mfaume, ndugu yake mmoja asiyesema, na mama yake mzazi, Bi Kidawa, ambaye niliona mara moja kwamba ndiye mwenye nyumba. Salamu zikaenda, za nyumbani, za watoto, za mashamba. Mjomba akakohoa. Nikajua sasa mpingo unakuja. Lakini Mjomba ni mtu wa adabu, akaona aanze kwa kuomba radhi, maana wenzao walitarajia wazee watatu katika gari na wamepata mmoja mwenye vumbi. Tena masikio yake yalikuwa bado yanavuma, alikuwa anaongea kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Mtusamehe," akasema. "Tumepigwa sana na upepo."

Bi Kidawa akamtazama mwanawe.

Nyie mnajua, na hata mtoto wa kwetu anajua, mtu akisema fulani kapigwa na upepo hatuulizi umetoka kaskazi au kusi. Tunauliza ana pepo gani, nani anamganga. Mjomba anajua kuliko mie. Lakini upepo wa kweli ulikuwa umempiga asubuhi nzima, na maana nyingine yote ilikuwa imepeperuka kichwani.

Bi Kidawa akauliza kwa upole, "Mmepigwa wote wawili?"

"Wote. Mie ndo sana, umeniingia kwa chini mpaka nikavimba."

"Ukavimba."

"Mwili mzima. Watu wakashangaa njiani. Bahati Ubungo kuna mtu anajua, akanifunga hii." Akawaonyesha ile kamba ya katani. Tulisahau kuifungua. Nilikuwa naona nusu ya uso wa Bi Kidawa, na ile nusu iliangalia kamba kiunoni kwa mzee, na ikaelewa kila kitu vibaya.

"Na kijana wenu," akauliza, "huyu anayetaka kuoa. Naye unampigaga?"

Mjomba akacheka kwa fahari ya mjomba. "Yule? Yule ndiye hasa. Kila Jumamosi. Anarudi macho mekundu, mikono inatetemeka, hata kijiko hashiki vizuri. Lakini ndo anapenda, anasema wiki ikipita hajapigwa hajisikii mtu."

Kule barazani nilisimama. Nikakumbuka dereva hana mdomo. Nikakaa.

"Na ukimpiga," Bi Kidawa akasema, "anaropoka?"

"Anaropoka sana."

"Lugha gani?"

"Kizungu," Mjomba akasema. "Mie sielewi hata neno."

Nilisikia Mzee Mfaume akivuta pumzi. Bi Kidawa akasema taratibu kwamba pepo la Kizungu ndilo gumu kuliko yote, linataka sabuni ya kunukia na biskuti. Mzee Mfaume akasema, na alisema kwa huzuni, sio kwa ubaya, kwamba anawashukuru wageni kwa ukweli wao, wengine wangeficha. Lakini mama mdogo wa Somoe aliteswa na mambo hayo miaka, ngoma zikachezwa mpaka mbuzi wakaisha, na yeye aliapa mwanawe hataingia tena kwenye nyumba ya upepo. Nikasikia kitu kinaburuzwa juu ya mkeka. Ilikuwa sauti ya ukindu juu ya ukindu. Kikapu kilikuwa kinarudi.

Mjomba, jamani, Mjomba alikuwa anakitazama kikapu kama mtu aliyechonga mwaka mzima na gogo likapasuka. Hotuba yenyewe hajaianza. Hakuwa amejua hata kosa liko wapi.

Nikaingia ndani na viatu vyangu.

"Samahani, wazee wangu. Ni upepo wa pikipiki."

Mzee Mfaume akaniangalia. "Dereva, nani kakuuliza?"

Nikasema hakuna, lakini huo upepo si wa mtu, ni hewa inayotembea. Unaingia kwenye kanzu. Anayevimba ni kanzu. Kamba ni ya magunia ya viazi. Niliongea haraka mpaka nikajisikia mwenyewe naropoka, na nilipofika kwenye velositi Bi Kidawa akavuta kanga yake akarudi nyuma, akamwambia mwanawe, "Unamsikia? Na dereva naye."

Hapo niliona maneno hayatoshi. Nikamwambia Mzee Mfaume, twende ukapigwe, kisha uje uamue wewe mwenyewe. Mama yake akamkataza. Nadhani ndiyo sababu alikubali. Mtu anayeshinda na mashine za kiwandani hakatazwi chombo kidogo kama kile mbele ya wageni.

Barabara ya Bunju. Alipanda bila kuambiwa apanue miguu. Nikamwambia mambo mawili tu, awe gunia na ashike kofia. Nikaenda polepole mpaka barabara kubwa, nikageukia kaskazini, mahali ambapo hakuna mnazi hata mmoja. Majani ya pembeni yalikuwa yamelala chini. Nikalegeza mikono. Upepo ukaja ubavuni, pikipiki ikapepesuka na kujinyoosha, na mie nikahisi vidole vya fundi vinaingia mbavuni. Kisha mbele nikaliona lori la saruji, limejaa, linakuja.

Ningeweza kusimama. Lakini nilihitaji lile lori kuliko nilivyowahi kuhitaji kitu chochote cha kiwanda. Nikasogea ukingoni, nikapunguza, likatufikia. Mlango wa bati ukafunguka. Tukasukumwa, tukavutwa, kofia ya Mzee Mfaume ikatupita hewani ikaelekea Bagamoyo, na sikioni kwangu nikasikia anapiga kelele kwa sauti yake yote:

"Punguza mkwe...!"

Lililofuata upepo ulilila. Labda hapakuwa na la kufuata. Niligeuza pale mbele, tukaokota kofia kwenye majani, tukarudi.

Bi Kidawa alikuwa amesimama mlangoni, na Somoe nyuma yake. Mzee Mfaume akashuka, shati limetoka kwenye suruali, machozi mpaka kidevuni, mikono inamtetemeka. Mama yake akamshika mkono, akauangalia.

"Mama," akasema, "nimepigwa na upepo."

"Uliropoka?"

Akanitazama mie, kisha akaangalia kofia yake. "Niliropoka."

"Ukasema nini?"

"Sikumbuki."

Mkekani, kwa mara nyingine. Mjomba akafungua ile kamba mbele ya watu wote, akaikunja, akaiweka pembeni. Kisha akatoa hotuba ya mpingo, na baada ya yote yale ilisikika kama maji ya mtungi. Ndugu asiyesema aliitikia kwa kichwa. Bi Kidawa akakivuta kikapu upande wake, akafunua, akaona sukari, akafunika upesi kama mtu aliyeona siri ya serikali. Mzee Mfaume akasema kikapu kibaki, majibu tutaletewa. Hakuniangalia hata mara moja, na mie nilikuwa tena dereva asiye na mdomo.

Kurudi. Upepo sasa ulikuwa kushoto. Mjomba alikuwa gunia kamili, hakununa tena, na tulipita Tegeta mpaka Lugalo tukiwa tumelegea kama watu waliotoka kuoga. Tulichobishana ni neno moja. Nilimwambia nilisikia mkwe. Akaniuliza baada ya hapo nini. Nikasema baada ya hapo upepo. Akasema basi huenda alisema mkweche. Punguza mkweche. Mtu mwenye hofu anatukana chombo, hatafuti ukoo. Nikasema si mkweche, pikipiki ya Deo ni nzima. Akasema nzima kwa nani. Tulibishana mpaka Chuo Kikuu, na nilivyo mtu wa haraka, mnajua, nusu ya neno ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ubungo saa nane ikatukuta. Hatukujua kwa hakika kama sheria inaihesabu pikipiki kuwa ni gari, na Mjomba akasema siku ya posa si siku ya kuulizana na askari. Tukashuka, tukaisukuma kupanda Kimara, yeye amefunga kanzu kiunoni kwa kamba ile ile. Hapakuwa na upepo kabisa. Jua lote letu. Niliutafuta hata upepo wa lori, hakuna lori.

Kimara, wiki iliyofuata. Muoaji hatakiwi kuonekana siku ya majibu pia. Kwa hiyo nilikuwa uani, nimejificha nyuma ya magogo ya mpingo, Mzee Mfaume alipofika na ndugu yake asiyesema. Walikaa ndani muda ambao mie niliuona ni wa kilimo kizima. Niliyojifunza safari hii nilikuwa nayo pale pale, kwamba upepo haupingwi kwa kukaza, unalegeza, unaangalia majani, unasubiri upite. Barabarani niliweza. Nyuma ya magogo nilikaza kila kiungo.

Walipotoka, Mjomba alikuwa anacheka kwa sauti ya chini. Mzee Mfaume hakuelekea barabarani. Alikuja moja kwa moja uani, akazunguka magogo, akanikuta nimechuchumaa. Nikasema shikamoo.

"Marahaba, mkwe," akasema. Akatazama huku na huku. "Ule mkweche umeshaurudisha kwa mwenyewe?"

Nikamwambia nimesharudisha.

"Afadhali. Siku ya kumchukua mwenzio, mje kwa basi."